Hodi ya Tatu

Mtandao ulikatika Ambakisye akiwa na miaka kumi na tisa.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani, blanketi magotini, ananisimulia cherehani aliyojifunzia ufundi, ile ya mjomba wake yenye kanyagio bovu. Vidole vyake vilikuwa vinasukuma kitambaa kisichokuwepo. Alikuwa anacheka. Halafu vidole vikasimama, kicheko kikamwisha usoni, na mume wangu mwenye mvi mpaka kwenye nyusi akanitazama kwa macho ya mtoto mdogo.

“Mabaka kaingia kwenye ukungu,” alisema. “Mama atanichapa.”

“Hakuchapi mtu,” nikamwambia. “Mabaka atarudi mwenyewe. Ng'ombe anajua kwao.”

“Wewe nani?”

“Mimi mwenyeji wako. Kaa, upate joto.”

Nikageukia kompyuta iliyokuwa mezani. Kwenye kioo palikuwa na picha ya birika mbili, moja inamimina kwenye nyingine, na tone lilikuwa limening'inia katikati kama limeshikwa na baridi. Chini yake maneno yaleyale: Unganisho limepotea. Tunajaribu tena. Kiduara kikawa kinazunguka. Kilizunguka nikasoma sala yote kimoyomoyo, na bado kikazunguka.

Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa inapiga bati. Mlima haukuonekana, hata migomba ya uani haikuonekana vizuri.

Niliinuka nikaenda kwenye ruta. Tuliiweka juu ya kabati la vyombo, mahali pa heshima, imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa maua ya waridi pembeni. Kitambaa hicho alinifumia jirani yangu Tusekile siku tulipoweka ruta, maana alisema kitu cha nyumba hakikai uchi. Nilikifunua, nikakikunja vizuri, nikagusa ruta. Ilikuwa ya moto kama chungu. Taa yake ilikuwa nyekundu, ikawa ya machungwa, ikarudi nyekundu.

Nikachomoa waya. Nikasubiri kama nilivyofundishwa na yule nesi wa hospitali, binti mpole aliyenirudishia maelezo mpaka nikaelewa, wala hakuguna. Nikachomeka. Nikahamisha kompyuta kutoka mezani hadi kwenye stuli, kutoka stuli hadi dirishani. Nikaibeba mikononi kama mtoto mchanga anayekataa kulala, nikizunguka nayo sebuleni.

“Unambembeleza nani?” Ambakisye aliuliza.

“Wewe,” nikasema.

Alicheka. Hata katika hali ile alikuwa na huruma ya kucheka utani wa mtu asiyemjua.

Tone likaanguka. Birika ikaendelea kumimina. Nikaona mgongo wake unanyooka kidogo kidogo kitini, mtoto anaondoka, kijana anarudi.

“Nilikuwa nasema nini?” aliniuliza. “Eeh, kanyagio. Basi mjomba akasema, ukiweza kushona kwa cherehani hii, utashona kwa yoyote.”

Tone likasimama tena.

“Mabaka!” aliita. “Mabaka, njoo!”

*

Alipoanza kusahau, miaka kadhaa nyuma, hospitali walimchota kumbukumbu zake zote kabla hazijamwisha, wakazipeleka Ghalani. Ghala liko mbali, sijui wapi. Wengine wanasema chini ya bahari, wengine wanasema kwenye nchi ya barafu. Nyuma ya sikio lake wakampandikiza kitu kidogo ambacho sisi tunakiita njugu, kwa umbo lake. Njugu ilikuwa inasoma kutoka Ghalani kwa mtandao. Mtandao ukiwepo, nilikuwa na mume. Ukikatika, nilikuwa na mtoto aliyepoteza ng'ombe. Tuliishi hivyo, na watu wengi waliishi hivyo, tukazoea.

Sasa wenye Ghala walitangaza kwamba wanalifunga. Walitugawia njugu mpya zinazoweza kubeba kila kitu zenyewe, bila mtandao, mradi zijazwe kabla ya saa kumi na mbili jioni ya siku ile. Kumbukumbu zinamiminwa kwa mpangilio, kuanzia utoto kuja uzeeni. Zisipofungwa hazigandi, ni kama maziwa ambayo hayajawa mtindi. Ukibonyeza Funga, zilizokwisha kuingia zinabaki milele, na hakuna tone jingine litakaloingia. Ambacho hakijamiminwa, Ghala litakifuta.

Tulianza mapema. Nilidhani mpaka wakati wa chakula cha mchana atakuwa amefika kwenye harusi yetu, na jioni tutakunywa chai mtu na mumewe. Lakini mchana ulishapita, na kila alipokaribia kuja kunichumbia, mtandao ulikatika.

Nikapiga huduma kwa wateja.

“Karibu, mama. Nikusaidie nini leo?” Sauti ilikuwa ya msichana, laini mno.

“Wewe ni mtu?”

“Mimi ni msaidizi, mama.”

“Haya, msaidizi. Mume wangu anakatika.”

“Pole sana, mama. Tafadhali zima ruta, subiri, kisha uiwashe.”

“Nimezima, nimewasha. Nimefunua kitambaa. Nimezunguka na kompyuta nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia.”

“Asante kwa uvumilivu wako, mama. Sasa fungua orodha ya mitandao. Chagua mtandao wa nyumbani kwako. Bonyeza palipoandikwa Sahau mtandao huu.”

Nikaliona hilo neno. Kidole changu kikagoma.

“Nibonyeze nini?”

“Sahau, mama.”

“Binti yangu, sikiliza. Katika nyumba hii neno hilo limetutesa vya kutosha. Nikibonyeza hapa, atakayesahau ni nani?”

“Ni kompyuta tu, mama. Itaisahau ruta, kisha vitakutana upya kama wageni. Mara nyingine ndiyo dawa.”

Nikamtazama Ambakisye. Alikuwa amekunja ncha ya blanketi, anaikunjua, anaikunja. Nikafumba macho, nikabonyeza Sahau.

Kompyuta ikaniuliza: Ingiza neno la siri.

“Neno gani la siri?” nikauliza.

“Aliyefunga ruta ndiye aliyeliweka, mama.”

Aliyefunga ruta alikuwa dirishani. Yeye ndiye aliyepanda stuli siku ile, akakataa kusaidiwa, akachagua neno lake, akaniambia usijali mama, mimi nipo. Na mimi sikujali, maana alikuwepo.

Nikajaribu jina la mtoto wetu wa kwanza, Lugano. Hapana. Nikajaribu jina langu, Subilaga. Hapana. Nikajaribu majina ya wajukuu wote, jina la kanisa letu, jina la duka lake la ushonaji. Kompyuta ikanionya kwamba nikikosea tena itafunga mlango mpaka kesho. Kwa mume wangu hapakuwa na kesho.

“Msaidizi,” nikasema, “mwenye neno la siri ndiye ninayemtafuta. Sasa nitamuulizaje wakati ndiye aliyepotea?”

“Samahani, mama. Sina ruhusa ya kulijua.”

Nikaketi sakafuni karibu na miguu ya Ambakisye. Sikuwa na jingine la kufanya. Nikamshika soksi, nikaivuta juu, maana ilikuwa imeteremka na kisigino kilikuwa baridi.

“Usilie,” Ambakisye aliniambia. Akaniwekea mkono kichwani. “Hata mimi wangu amepotea. Tumwite wote. Mabaka! Mabaka!”

Nikaacha kulia.

Nikainuka polepole kwa sababu ya magoti, nikaenda mezani, nikaandika kwa kidole kimoja: M, a, b, a, k, a.

Taa ya ruta ikawa ya kijani.

*

Birika ikamimina, lakini kidogo sana, kama bomba la mwisho wa mtaa. Ambakisye akarudi kwa mjomba wake, akashona shati lake la kwanza, lakini kati ya neno na neno alikuwa anasimama na mdomo wazi, anangoja.

“Mbona inatoka kwa kudondoka?” nikamuuliza msaidizi.

“Uzi mmoja wa kioo unaopitisha mtandao umekatika kwenye maporomoko ya udongo, mama. Uliobaki unahudumia nyumba mbili za mwisho wa mteremko. Nyumba ya pili inatumia sehemu kubwa. Kwa kasi hii, hamtamaliza kabla ya kufungwa kwa Ghala.”

Nyumba hiyo ya pili naijua. Ni ya Tusekile, ng'ambo ya ua wa mibuni.

“Unaweza kumwomba akuachie sehemu yake,” sauti ilisema. “Bonyeza Hodi, kisha sema kwa sauti yako. Akikubali, ataijibu.”

Nikapenda kwamba waliotengeneza walifikiria hilo. Angalau hawakutufanya tuingie majumbani mwa watu kama mbuzi. Nikabonyeza, nikainamia kompyuta.

“Hodi!”

Nikangoja. Mvua ilizidi. Kioo kikaandika: Hakuna jibu.

“Hodi, Tusekile! Ni mimi.”

Hakuna jibu.

Nikafikiri labda yuko uani anakinga maji. Labda amelala. Lakini huyu ni Tusekile aliyeniletea uji kila asubuhi nilipolazwa na malaria, akaukoroga mwenyewe kwa sababu aliona mkono wangu hauna nguvu. Mtu wa namna hiyo huwa hasikii hodi akanyamaza.

“Hodi!” nikasema mara ya tatu, na ilitoka kama kilio.

Hakuna jibu.

Mama yangu alinifundisha, na mimi nimewafundisha wanangu: hodi ni tatu. Ya kwanza ni kuamsha, ya pili ni kujitambulisha, ya tatu ni kuaga. Usipojibiwa, geuza mguu, rudi ulikotoka. Anayepita ya tatu huyo ni mwizi, hata kama hakuiba kitu.

“Mama,” sauti laini ilisema, “kwa kuwa nyumba yako ina mgonjwa aliyesajiliwa, una haki nyingine.”

Kwenye kioo kikatokea kitufe kipya. Kiliandikwa: Ingia bila hodi.

“Hicho kinafanya nini?”

“Kinachukua sehemu yote ya jirani mpaka mmalize.”

“Na yeye?”

“Atasubiri, mama.”

Saa ya ukutani ilikuwa inakimbilia saa kumi. Ambakisye alikuwa amesimama katikati ya neno “mkasi”, anaitafuta silabi ya pili, jasho limemtoka. Alinitazama kama mtu anayezama anavyotazama ukingo.

Nikabonyeza.

Birika ikafurika. “Mkasi!” Ambakisye alisema, akavuta pumzi, akacheka kwa sauti. “Mkasi wa mjomba ulikuwa haukati hata siagi!” Na maneno yakaanza kumtoka kwa kasi, duka la kwanza, mvua ya mwaka ule, rafiki zake, wimbo wa kwaya, na uso wake ukawa unajaa kama mtungi. Nilisimama mbele yake nimeshika mdomo. Kila baada ya kitambo nilikuwa nasema kimoyomoyo, nakuja, subiri kidogo, nakuja, mwaka wangu unakaribia.

*

“Mama Lugano! We Mama Lugano!”

Nikachungulia mlangoni. Tusekile alikuwa amesimama uani kwangu, mwavuli wenye mbavu moja iliyovunjika juu ya kichwa, kanga imelowa mpaka magotini.

“Shikamoo, dada,” aliniamkia.

“Marahaba.”

“Jamani, ndiyo nini kunifanyia hivyo? Nimesikia hodi yako, nikasema karibu. Nikasikia tena, nikasema karibu, pita ndani. Ya tatu nimesema karibu mpaka koo limenikauka! Nimefungua mlango, hakuna mtu. Nikasema labda anavua viatu. Nikamimina chai yako. Chai imepoa, mgeni hajaingia. Unanichezea kidalipo, unajificha kwenye mvua hii?”

Alikuwa amejibu. Mara zote tatu alikuwa amejibu, kwa mdomo wake, kwa sauti kubwa, kama mtu yeyote wa huku anavyojibu hodi. Sauti yangu ilitokea kwenye ruta yake, na kwenye makelele ya mvua akadhani niko barazani. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna hodi inayojibiwa kwa kubonyeza.

“Halafu,” aliendelea, akifuta maji usoni, “kwako mtandao upo? Kwangu umekufa kabisa. Bupe wangu amesimama katikati. Nimezima, nimewasha, nimetoa kitambaa. Wewe unayajua haya mambo kuliko mimi. Njoo uniangalizie, tafadhali. Saa zinakwenda.”

Nikamwacha Ambakisye na mazungumzo yake ya duka, nikamfuata. Nilivuka ua wa mibuni bila mwavuli. Aligeuka, akanisogezea wake.

Sebuleni kwake meza ilikuwa imetandikwa vikombe viwili. Changu kilifunikwa kwa kisahani, chai isipoe. Kompyuta yake ilikuwa karibu na picha ya Bupe, yule binti yake wa pekee. Bupe alikuwa na kifafa, akawekewa njugu angali mdogo, na alipofariki Ghala liliendelea kumtunza. Jioni mama yake alikuwa anakaa naye kwenye kompyuta, anamsikiliza. Mara nyingi niliwasikia wakicheka kupita kwenye ua, nami nilikuwa nanyamaza ili nisiwakatize.

Na Tusekile naye alikuwa anamrudisha nyumbani kutoka Ghalani siku ileile. Nilipaswa kulijua hilo. Ghala lilikuwa moja.

Sauti ya Bupe ilikuwa imekwama. Alikuwa darasa la tano, anasimulia jinsi yeye na wenzake walivyoficha chaki za mwalimu kwenye parachichi. “Basi tukalipasua, tukatoa kokwa, tuka—” Ikaishia hapo. Baada ya kitambo ikarudia. “Tuka—”

“Kokwa nilishazoea kulisikia,” Tusekile alisema. “Ila walichofanya baadaye sikuwahi kukijua. Hakuwahi kuniambia alipokuwa hai, mjanja yule. Angalia, dada, ni waya?”

Alinivutia kiti. Nikakaa mbele ya kompyuta yake. Mikono yangu ikaenda kwenye waya kana kwamba nina la kutafuta. Nikachomoa. Alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika bega langu, ananitegemea.

Sikuweza kuchomeka.

“Siyo waya, Tusekile. Ni mimi.”

“Wewe vipi?”

“Nimeingia bila hodi. Sikusikia ukinijibu, na nikaingia. Mtandao wako uko kwangu. Wote.”

Mkono ukaondoka begani. Mvua ilipiga bati. Bupe akasema, “Tuka—”

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana. Alizunguka meza, akakaa, akaondoa kisahani juu ya kikombe changu, akagusa ubavu wa kikombe kwa nyuma ya vidole.

“Mzee amefika wapi?” aliuliza.

“Ameshafungua duka. Hajanijua bado.”

“Wote wawili hawawezi kwa pamoja?”

“Hawawezi. Saa kumi na mbili hakuna atakayekuwa amemaliza.”

Aliitazama picha ya binti yake. Kisha akavua kanga ya mabegani, akafunika nayo kompyuta, taratibu, kama anavyofunikwa mtu aliyelala.

“Basi muache mzee amalizie. Yule anapumua, dada. Wangu hapumui. Mtu hawezi kumnyang'anya mgonjwa maji akamwagilie kaburi.” Akanisogezea kikombe. “Kunywa chai.”

Nikanywa. Ilikuwa na tangawizi nyingi kama ninavyoipenda mimi. Yeye hapendi tangawizi.

Na nilipokuwa nameza, nikaliona jambo ambalo siku nzima sikuliona kwa kuhangaika.

“Tusekile. Mambo ya Bupe ambayo hukuwepo, nani atakusimulia?”

“Nani tena? Hakuna.”

“Mambo ya mume wangu kabla sijamjua, hata mimi nisingeweza kumsimulia. Lakini hayo ameshayapata. Kuanzia siku nilipoingia dukani kwake, nilikuwepo. Kila siku nilikuwepo. Nikikosa kumrudishia kwa mtandao, mdomo ninao.”

“Hatakujua.”

“Hatanijua.”

“Mama Lugano, usifanye hivyo kwa ajili ya chai.”

“Toa hiyo kanga,” nikamwambia, “usimkoseshe mtoto hewa.”

*

Nilirudi nikikimbia, kama mtu wa umri wangu anavyoweza kukimbia kwenye matope. Njiani nilijipa moyo. Huenda amefika harusini. Huenda ameshaniona hata mara moja tu, siku moja tu, nikafungie hapo.

Ambakisye alikuwa amesimama dirishani, amechomekea shati. Uso wake ulikuwa wa kijana anayesubiri. Aliponiona aligeuka haraka, akainamisha kichwa kwa adabu.

“Shikamoo, mama.”

Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniamkia hivyo. Ilinipita kifuani kama maji baridi.

“Marahaba,” nikajibu. “Unamtazama nani nje?”

“Hakuna.” Akaona haya. “Kuna msichana kaleta kitenge jana, anataka gauni. Sikumuuliza hata jina. Amesema atapita leo kupimwa, na mvua ndiyo hii.”

Nikaitazama kompyuta. Birika ilikuwa inamimina vizuri. Nikingoja kidogo tu, msichana yule angeingia dukani amelowa, angetaja jina lake, na yeye angedondosha tepu ya kupimia. Ninajua, maana alidondosha. Kidogo tu. Lakini baada ya hapo ningetaka harusi, na baada ya harusi ningemtaka Lugano azaliwe, na ningemtaka Lugano atembee. Ninajijua. Ng'ambo ya ua Bupe alikuwa ameshika kokwa mkononi.

Nikabonyeza Funga.

“Una uhakika?” msaidizi aliuliza. “Ukishafunga hakuna kurudi, mama.”

“Bonyeza nawe huko kama unaweza,” nikasema, “usiniache peke yangu.”

“Samahani, mama. Lazima iwe wewe.”

Nikabonyeza mara ya pili. Birika zikatoweka kwenye kioo. Mahali pake palitokea jina la ruta ya Tusekile, na kitufe ambacho sikuwahi kukiona kwa sababu siku nzima nilikuwa mwombaji. Kiliandikwa: Karibu. Nikakibonyeza, nikampa uzi wote, wake na wangu.

Halafu nikatoka barazani, maana sikutaka kijana wa watu anione nilivyokuwa.

Nililia mpaka nikachoka. Lugano ingebidi nimpigie simu, nimwambie baba yako mzima, ila hajakuzaa bado. Angenikasirikia, na angekuwa na haki. Nilikuwa nawaza hayo niliposikia, kupita kwenye mibuni, sauti ya mtoto wa kike: “—tukajaza chaki, tukalifunika, tukampelekea mwalimu mwenyewe zawadi!” Na Tusekile akapiga kelele, “Mwongo wewe Bupe! Mwongo!” akicheka na kulia kwa pamoja.

Nikajifuta uso kwa upande wa gauni. Mlango wangu ulikuwa umerudishwa. Nilishika kitasa, kisha nikakiachia.

“Hodi,” nikasema.

“Karibu!” aliitikia mara moja. Nikasikia kiti kinaburutwa. Akanifungulia, akanionyesha kiti chake mwenyewe cha dirishani. “Karibu, mama, pita. Umelowa! Kaa hapa penye joto.” Alichukua blanketi lake, akanifunika magoti. Hakuna aliyemfundisha hilo. Lilikuwa lake tangu zamani, kabla yangu.

Alipokuwa ananirekebishia blanketi, vidole vyake vikagusa mkono wa gauni langu, vikasimama. Akaugeuza upindo. Akaufuata mshono kwa ukucha wa kidole gumba, kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko, kwa makini, kama mtu anayesoma.

“Samahani, mama. Gauni hili nani kakushonea?”

“Kwa nini?”

“Hapa kwenye pindo, huku kurudia mara mbili nilikubuni mwenyewe. Hata mjomba hajui.” Alinitazama usoni, akautazama mshono, akanitazama tena. “Huu ni mshono wangu. Lakini sijaushona.”

Nikaufunika mkono wake kwa wangu.

“Utaushona,” nikamwambia.